Korongo ni wa Nani?

Kuanzia Novemba, vuli inapolowesha mashamba ya Arusha, huonekana makundi ya korongo weupe yakizunguka juu ya miteremko ya Meru. Hawapigi mbawa. Hupanda na hewa iliyopashwa joto na ardhi hata wakawa kama vipande vya karatasi, kisha huteleza kuelekea kusini. (Huko Arusha korongo ni pia lile bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mlima: jina moja kwa kilicho chini ya miguu na kilicho juu ya utosi.)

Ndege hawa wamezaliwa Ulaya. Bahari haina hewa ya kuwanyanyua, hivyo huikwepa Mediterania kwa kupita Istanbul, Sinai na bonde la Nili. Nahodha wa jahazi angewaelewa, maana naye hakushindana na upepo, aliungoja.

Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika shingoni. Wataalamu walifurahi, kwani walikuwa wakibishana ndege hao huenda wapi wakati wa baridi, na wapo waliodhani hujificha majini. Mwili wake ulikaushwa, na hadi leo umo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Lakini na ifikiriwe safari ile: amechomwa ugenini, ameruka maelfu ya kilomita na mkuki wake, amefika alikozaliwa, na huko ndiko alikouawa. Nani hapo alikuwa mwenyeji wake?

Ulaya humwita wao kwa kuwa hutaga huko, na wapo wanaomwekea gurudumu la mkokoteni juu ya paa ajengee kiota. Hoja hiyo haitoshi. Kiumbe ni wa alikolishwa pia. Huku hula panzi na viwavijeshi, maadui wa mahindi, wala hadai ujira. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Korongo huja na jembe lake.

Deni, basi, liko upande gani? Mkulima anayenyunyizia viwavi sumu anaokoa chakula cha wanawe. Ila sumu haichagui, na korongo humla kiwavi aliyenyunyiziwa. Kumlaumu mkulima peke yake ni dhuluma. Na yule anayemngojea ndege wake Polandi, ana haki gani ya kumwambia mtu wa Meru aizuie bomba yake, ilhali hatalipia gunia litakalopotea?

Machi, masika yanapokaribia, korongo hugeuka kaskazini. Chini yao watu wameinama wakipanda. Wachache huinua macho.