Kipaji Kinachosikilizwa na Wachache: Je, Ni Hasara?



Kijana mwenzangu, likizo iliyopita mjomba wangu aliniuliza swali mezani, mbele ya watu: “Digrii ya falsafa unayo, kichwa unacho, sasa unarudi kujifungia seminari miaka mingine yote hiyo? Si hasara hiyo?” Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila usiku usingizi ulikuwa wa shida. Swali lile halikuwa la kijinga. Naomba tulitafakari kupitia maisha ya mtu ambaye pengine hujawahi kumsikia: Yvonne Loriod, mpiga piano Mfaransa.

Loriod alizaliwa 1924. Tangu usichana wake alijifunza kazi za Bach, Mozart na Beethoven. Angeweza kuishi kwa hizo tu, maana watu hununua tiketi kusikia wanachokijua. Mwaka 1941, akiwa mwanafunzi wa Konsavatori ya Paris, alimpata mwalimu mpya, Olivier Messiaen, Mkatoliki aliyekuwa ametoka kifungoni katika kambi ya wafungwa wa vita. Muziki wake ulikuwa mgeni masikioni mwa wengi. Loriod akaamua kuutumikia.

Tarehe 26 Machi 1945, mjini Paris, alipiga kwa mara ya kwanza tafakari ishirini za Messiaen juu ya Mtoto Yesu, kazi ya takribani saa mbili aliyoandikiwa yeye. Baadhi ya wahakiki waliushambulia muziki huo pamoja na maelezo yake ya kidini. Hakuacha. Mwaka 1949 alikuwa Boston, Marekani, kwenye onyesho la kwanza la simfonia kubwa ya Messiaen, na mwaka 1959 alipiga vipande 13 vilivyotokana na sauti za ndege. Alipiga pia kazi za Pierre Boulez, ambazo ni ngumu kwelikweli. Messiaen mwenyewe alikiri kwamba uwezo wa Loriod ulibadilisha namna yake ya kuiandikia piano.

Sasa tujiulize: je, ni haki kutumia kipaji kikubwa kwa ajili ya kitu ambacho wengi hawakitaki?

Tuwe wakweli, upande wa pili una hoja. Katika mfano wa talanta, Bwana anataka faida, na hampongezi aliyefukia. Tena kupenda mambo yasiyoeleweka kunaweza kuwa majivuno tu: “Hamnielewi kwa sababu mimi niko juu.” Jamani, ugonjwa huo upo, hata sisi wanafalsafa tunao!

Lakini angalia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba fundi, kama fundi, hupimwa kwa ubora wa kazi anayoitengeneza. Makofi hayamo kwenye kipimo hicho. Na hakuna wimbo uliozaliwa ukiwa wa zamani. Kila tunachokiita cha asili leo, kuna mtu alikiimba kwanza mbele ya nyuso zilizokunjamana. Hata ngoma kanisani ziliwahi kuwashangaza baadhi ya waamini. Bila mtu wa kuthubutu kwanza, sisi wa baadaye tungerithi nini?

Basi tutatofautishaje uaminifu na ukaidi? Kwa Loriod naona alama tatu. Kwanza, alijifunza ya zamani kabla ya kuyatumikia mapya. Hakukimbilia upya kwa kukwepa ugumu. Pili, alitumikia kazi ya mwingine. Mpiga piano hupiga nota ambazo hakuziandika, na hiyo ni shule ya unyenyekevu. Tatu, hakujifungia na alichokijua: alifundisha Konsavatori kwa miaka mingi, na wanafunzi wake, kama Pierre-Laurent Aimard, wakaendeleza. Aliyefukia talanta hakuwa na hata moja kati ya hizo.

Hapa nisimalizie kirahisi. Loriod aliishi hadi 2010 na aliona muziki ule ukipokelewa duniani. Wengine hawaoni. Wanapanda, wanakufa, kimya. Kwa hiyo tukisema hakupoteza kitu “kwa sababu mwishowe alifanikiwa”, tumerudi kulekule kwa mjomba: kipimo ni makofi, yamechelewa tu. Kumbuka yule mwanamke wa Bethania. Aliyamimina marhamu ya thamani kubwa, wakasema ni hasara, yangeuzwa wapewe maskini. Yesu akamtetea hapohapo, kabla ya matokeo yoyote, kwa sababu ya upendo uliomo. Wala hakutupa ruhusa ya kuwasahau maskini. Alisema tutakuwa nao siku zote. Basi anayempa Mungu piano, au useja, bado anadaiwa jirani yake.

Mjomba sijamjibu bado. Nikirudi nitamwambia hivi: inawezekana ni hasara, kama sipendi. Kama napenda, hata parokia ya watu kumi haitakuwa hasara. Na hilo, ninyi mniombee, maana kulisema ni rahisi kuliko kuliishi.

Swali la wiki: Ni jambo gani jema umeliacha kwa sababu tu hakuna aliyekupigia makofi?

Tuombe: Ee Bwana, uliyeishi Nazareti miaka mingi bila kusikika, utufundishe kuwa waaminifu pale tusipoonekana. Amina.