Kiota Hutazamwa kwa Mbali

Wajukuu zangu, mvua za Novemba zikishaanza hapa Tukuyu, ndege nao huanza kujenga. Huu ndio msimu unaonitia hofu kuliko yote, maana ndipo mnapochonga manati, na siku hizi ndipo mnapoingia vichakani na simu kutafuta picha.

Kutazama siwakatazi. Kaeni barazani mmwangalie mnana dume, yule wa manjano, anavyochana jani la mgomba uzi baada ya uzi na kuusuka kwa mdomo tu, mpaka kiota kinaning'inia, mlango ukiwa chini. Kisha jike huja kukikagua. Kikikosa jike wa kukikubali, dume hukibomoa akaanza kingine. Yote hayo mnayaona bila kuukwea mti.

Ubaya huanza mkisogea. Baridi ya Rungwe mnaijua. Mama akiruka kwa woga huku mvua inanyesha, mayai hupoa, na makinda wasio na manyoya hawastahimili. Mkiyatenga majani ili picha itoke vizuri, mmemwonyesha mwewe pa kuingia. Njia mliyoikanyaga nyasini, nguchiro na paka wanaweza kuifuata nyuma yenu. Mtoto aniambiaye "sikugusa kitu, babu" husema kweli, na kiota kimekwisha.

Linaloniumiza zaidi liko kule juu, Kitulo. Kwenye zile nyika za nyasi huja kuzaliana mbayuwayu wa buluu, ndege adimu duniani, mwenye mkia wa nyuzi mbili ndefu. Miezi ya mvua yuko kwetu. Baadaye huenda pande za Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya. Hajengi mtini. Hutafuta shimo ardhini, hata lililochimbwa na muhanga, akabandika humo kiota cha tope na nyasi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa 2005, na watu huisifu kwa maua yake. Lakini nyasi za nyanda hizi zimegeuzwa mashamba ya viazi na misonobari, na jembe likishafukia shimo, ndege huyo hana pa kulea.

Basi mkilima huko juu, shimo anamoingia mbayuwayu liacheni na nyasi zake mpaka mvua ziishe. Miti ya uzio wa parachichi ipogoeni kiangazi, mkishakagua matawi. Na manati zote nizione mikononi mwangu kabla ya jioni.