Namba Iliyofutwa

Mjomba wangu ni askari mstaafu na hazipendi kabisa bastola za siku hizi. "Zile midoli, mjomba," aliniambia jioni moja tumekaa nje kwake Bugarama. (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo.) Anasema bastola ya chuma ilikuvuta mkanda kutwa nzima, hukuweza kusahau kwamba umebeba kifo. Hii ya plastiki ukiivaa asubuhi, mchana umeshaisahau.

Kwa uzito hajakosea. Browning Hi-Power, ya mwaka 1935, inakaribia kilo moja bila risasi. Glock 17, iliyotoka Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kama gramu 630, na bado inabeba risasi 17 pale Browning inapobeba 13.

Lakini je, uzito unamfanya mtu awe mwema? Kumbishia mtu mzima si adabu, ila nilimbishia. Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo, hapahapa Ngara, ndani ya siku moja hivi. Mapanga yalirundikwa pale mpakani. Panga nalo ni zito, tena linamtaka aliyelishika amsogelee mwenzake hadi waonane macho. Lilimzuia nani?

Akanyamaza. Kisha akasema, sawa, lakini chuma kina kumbukumbu.

Hapo ndipo aliponishika. Namba ikigongwa kwenye chuma, nguvu ya nyundo inazama chini kuliko tarakimu unazoziona. Jambazi akiifuta kwa tupa, fundi wa maabara anapaka tindikali na mara nyingi namba inarudi. Plastiki haiko hivyo. Ndiyo maana Glock hubandikiwa namba kwenye kibati kilichozamishwa ndani ya fremu. Kikichokolewa, fremu haina la kusema. Namba za kwenye mtutu na slaidi zipo, sawa, ila vipande hivyo vinabadilishika. Itifaki ya Nairobi ya 2004 inadai kila silaha ipigwe alama. Alama ndiyo njia ya kuuliza: hii ilikuwa ya nani, na ilimfikiaje muuaji? Nadhani swali hilo ni deni letu kwa marehemu, na anayetengeneza silaha isiyoweza kujibu anatusaidia kulikwepa.

Ningeishia hapo, nikiwa upande wa mjomba, ila nilimkumbuka utingo mmoja wa huku kwetu. Alipigwa risasi msituni, njia ya Biharamulo, enzi zile mabasi yakisindikizwa na askari. Bastola iliokotwa baadaye, namba zimefutwa.

"Ilikuwa plastiki?" nikamuuliza mjomba.

"Chuma. Ya zamani kabisa."

"Sasa ile tindikali?"

Alitazama barabarani kwa muda. "Nani angeipeleka maabara, mjomba? Kwa ajili ya utingo?"

Mjane wake anauza ndizi stendi. Kesho yake nilinunua za elfu mbili, akaniongezea moja, nikapanda gari.