Ngome na Lango Lake

Mtu akiulizwa kama ni vema kuwatunza wanyama wa mwituni, hujibu upesi kwamba ni vema. Akiulizwa kama ni vema kumwondoa jirani yake mahali alipozaliwa, hujibu upesi vilevile kwamba si vema. Taabu huanza pale maswali hayo mawili yanapokuwa swali moja. Nyika ni moja, maji ni yale yale, na wanaoyahitaji ni wengi: yuko mfugaji na ng'ombe wake, yuko mkulima na mahindi yake, na yuko faru. Je, nani ampishe mwenzake? Na aliye na haki ya kukata shauri hilo ni nani?

Sisi wa Usambara hatuwezi kusema kwamba jambo hili ni la watu wa mbali. Ukisimama kwenye ukingo wa milima yetu upande wa Mlalo ukatazama kaskazini, waiona nyika ya Umba, na ng'ambo yake Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 3,245, inayopakana na Tsavo ya Kenya. Ndugu zetu wa Mnazi, Lunguza na Kivingo wanalima karibu na mpaka wake. Wazee wachache wa mtaa wetu tulipopata nafasi ya kuitembelea, tulishuka Mombo, tukafuata barabara ya Same kupitia Mazinde, Mkomazi na Hedaru, hata tukafika lango la Zange. Tuliwaona pofu, pundamilia na twiga, na milima yetu wenyewe tuliiona kwa mbali kama ukuta wa buluu. Tuliyajadili tuliyoyaona kwa majuma mengi baadaye, na haya tuandikayo ni matunda ya majadiliano hayo.

Kwanza tuseme yaliyo kweli kwa upande wa wanyama. Katika miaka ya 1960 faru weusi walikuwa wengi Mkomazi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamekwisha. Waliowamaliza ni majangili wenye bunduki, waliotafuta pembe za kuuza nchi za mbali. Kuanzia mwaka 1997 faru wengine waliletwa kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2009 wakaja watatu kutoka bustani ya wanyama katika Jamhuri ya Cheki. Wamewekwa ndani ya uzio, wanalindwa usiku na mchana, nao wamezaana. Mbwa mwitu nao wamelelewa huko na kurudishwa porini. Kazi hiyo si ndogo. Kiumbe kikitoweka duniani hakuna bunge wala benki iwezayo kukirudisha, na watoto wa watoto wetu wangetuuliza tulikuwa wapi. Mwalimu Nyerere alilitambua jambo hili mapema. Katika tamko lililotolewa Arusha mwaka 1961 alisema kwa maana hiyo, kwamba wanyama hawa ni amana mikononi mwetu, tuitunze kwa ajili ya wajao.

Sasa tuseme yaliyo kweli kwa upande wa watu, bila kuficha. Mkomazi ilipofanywa pori la akiba mwaka 1951, baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kuendelea kukaa upande wa mashariki. Waliishi humo kwa ruhusa ya serikali. Mwaka 1988 ruhusa ikaondolewa, na maelfu ya watu wakatolewa pamoja na mifugo yao. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani iliona kwamba hawakuthibitisha haki ya kimila juu ya nchi ile, kwa kuwa hawakuwa wa kwanza kufika, wala haikuwarudisha. Baadaye, kati ya mwaka 2006 na 2008, pori likapandishwa kuwa hifadhi ya taifa.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu waamuzi, kwani wao huamua kwa sheria na kwa ushahidi uliowekwa mbele yao. Lakini swali la sheria na swali la dhamiri si kitu kimoja. Sheria huuliza, "Nani alitangulia?" Dhamiri huuliza pia, "Nani aliumia, na alikwenda wapi?" Kama haki ya kukaa mahali ni ya aliyefika wa kwanza tu, wangapi miongoni mwetu wangesalia walipo? Habari za wazee wetu zasema kwamba Mbegha mwenyewe alitoka Ngulu, akafika milimani akiwa mwindaji mgeni. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamkubali awe mkuu wao. Ugeni wake haukumzuia, maana matendo yake yaliwaponya watu.

Mwaka 2002 mtaalamu mmoja Mwingereza, Dan Brockington, alitoa kitabu kuhusu Mkomazi ambacho jina lake huzungumzia uhifadhi wa ngome. Maana yake ni kulitunza pori kwa kulizungushia ulinzi kama mji wa vita: wanyama ndani, watu nje. Neno hilo lilituvuta, kwa sababu njiani tulikuwa tumepita mahali palipokuwa na ngome ya namna nyingine.

Mahali hapo ni Mazinde. Leo msafiri huona reli, barabara na mkonge, wala hafikiri. Lakini baada ya Mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara iendayo Pwani. Hapo alipata bunduki na baruti, na hapo pembe za ndovu na watumwa walipita. Boma lake lilikuwa imara, lakini nchi iliyolizunguka haikuwa na amani. Watu waliuzwa, vita vilizaa vita, na Wajerumani walipokuja walikuta nyumba iliyokwisha kugawanyika. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huo huo Mputa akanyongwa na Wajerumani. Boma lile lilivilinda vitu vilivyokuwa ndani yake, likashindwa kuilinda nchi.

Wazee wa Kishambaa walikuwa na kipimo chao cha utawala. Mfalme alisalimiwa kwa jina la Simba, maana simba aweza kula. Hata hivyo watu hawakumpima kwa meno yake. Walimpima kwa kuuliza: huyu yuazifya shi, yaani anaiponya nchi, ama yuabana shi, yaani anaiharibu? Mvua ikinyesha, mazao yakiiva na watu wakikaa kwa amani, nchi imepona. Njaa na ugomvi vikienea, nchi imeharibiwa, hata kama boma la mfalme ni zuri namna gani. Twaona kipimo hicho chafaa kupimia hifadhi vilevile. Tusiulize tu idadi ya faru waliomo ndani ya uzio. Tuulize pia kama nchi yote imepona, ndani ya mpaka na nje yake.

Tuwatazame wa nje. Mzee mmoja wa tambarare alituuliza hivi: "Walimu, ng'ombe wangu akila nyasi za hifadhi, mimi hukamatwa. Tembo akila mahindi yangu, hukamatwa nani?" Tulicheka pamoja naye, lakini swali lake halichekeshi. Serikali imeweka malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo ni ya unyofu, kwani yanakiri yenyewe kwamba si fidia kamili. Jasho likifutwa, ghala bado ni tupu. Basi ikiwa faru na tembo ni urithi wa dunia nzima, kwa nini mzigo wa kuwatunza uwe mzito zaidi juu ya yule mwenye jembe moja na ekari mbili? Anayefurahia picha ya tembo huko London au Dar es Salaam hapotezi debe hata moja la mahindi. Hapa ndipo tunapoiona dhuluma: kuna gharama, na gharama hiyo amebebeshwa asiyeulizwa.

Wasomaji wa Maandiko watakumbuka habari za Nabothi katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu liwe bustani ya mboga. Twaona kwamba Ahabu alianza vizuri: aliahidi shamba jingine lililo bora, au fedha. Kosa lake lilikuwa kutokubali kwamba mwenye urithi aweza kusema hapana. Hifadhi si bustani ya mfalme mmoja, na faida yake ni ya wengi; kwa hiyo mifano hii miwili hailingani kabisa. Lakini fundisho lake lasimama: kusudi likiwa jema kiasi gani, halimwondolei mtu haki ya kuulizwa.

Tena sisi wa milimani tunao ushahidi wetu wenyewe. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitulazimisha kujenga matuta mashambani ili udongo usichukuliwe na mvua. Shauri lile lilikuwa na maana. Milima yetu yajulikana kwa miteremko yake. Lakini lilikuja kwa amri na faini, na watu wakalipinga hata likaachwa. Miaka mingi ikapita kabla watu wengi hawajayapenda matuta, na walioyapenda ni wale waliojionea faida kwa hiari yao. Jambo jema likiletwa kwa fimbo, watu huichukia fimbo na jambo lenyewe pamoja nayo. Yeyote atakaye faru waishi miaka mia ijayo na alikumbuke hilo. Mlinzi bora wa mnyama ni jirani asiyemchukia.

Je, basi tuseme milango yote ifunguliwe, kila mtu aingize ng'ombe na shoka lake? Hapana. Huo ungekuwa uvivu wa kufikiri. Tumeona misitu iliyokuwa ya wote ikawa si ya mtu, na chemchemi zikakauka. Mpaka ni wa lazima. Lakini hata ngome yenye kuta nene hujengwa na lango, na tofauti kati ya ngome na gereza ni nani mwenye kupita langoni.

Iko hifadhi moja huko India, jimbo la Rajasthan, iitwayo Ranthambore. Humo wanaishi chui-milia, wanyama wakubwa na wakali, na katikati ya pori, juu ya mwamba, iko ngome ya kale iliyopiganiwa na wafalme wengi kwa karne nyingi. Mwaka 2013 ngome hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na nyingine tano za jimbo hilo. Huko nako vijiji vilihamishwa katika miaka ya 1970, baada ya mpango wa kuwaokoa chui-milia kuanzishwa mwaka 1973. Kwa hiyo hawana mikono safi kuliko wengine. Lakini ndani ya ngome ile limo hekalu la Wahindu, na waumini wangali wakipita porini kwenda kuabudu, na siku ya sikukuu huwa maelfu kwa maelfu. Chui-milia wapo, na watu wanapita. Imani yao si yetu, lakini mfano wao waonyesha kwamba kumtunza mnyama hakulazimishi kufuta kumbukumbu ya mtu. Yawezekana kupanga njia, siku na masharti.

Basi jibu letu ni hili. Yaweza kuwa haki kumwomba mtu ampishe mnyama, kwa kuwa mtu aweza kuhamia mahali pengine, na aina ya kiumbe ikitoweka haina pengine pa kuhamia. Lakini haki hiyo ina masharti matatu. La kwanza, mtu aulizwe na asikilizwe kabla ya kuondolewa. La pili, anayepoteza alipwe kwa kadiri ya alichopoteza, na malipo yatoke kwa wale wanaofaidi. La tatu, ukweli usemwe: wageni wanapoonyeshwa faru, waambiwe pia kwamba hapa palikuwa na maboma ya watu na njia za ng'ombe. Penye masharti hayo nchi huponywa. Yakikosekana, tumejenga Mazinde nyingine, yenye faru mahali pa pembe.

Nasi tusiwe wepesi wa kuwanyoshea kidole wakubwa. Msitu wa Magamba uko juu yetu, na maji tunayokunywa yatoka huko. Tukisema kwamba mtu wa Mnazi avumilie tembo kwa ajili ya dunia, tuko tayari kuacha kukata mti mmoja kwa ajili ya mtu wa Mnazi, ambaye kijito chake chaanzia kwetu? Na siku habari za tembo walioingia mashambani zitakapotufikia, zitusukume kuuliza nani amekosa chakula mwaka huu, na nini chaweza kutoka katika ghala zetu.