Fleti inauzwa: Je, jirani ameambiwa?

Ukipita Kariakoo hutakosa kukutana na tangazo la namna hii: fleti inauzwa, vyumba viwili, sebule na jiko, ghorofa ya nne, maji na umeme vipo, karibu na msikiti. Kila nisomapo tangazo hilo hujiuliza: hivi kabla ya kumwita dalali, huyu bwana amemwambia jirani yake?

Wapo watakaosema mali ni yake, amwuzie amtakaye. Nionavyo mimi, jibu hilo lilitosha zamani. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma na baraza mbele. Paa lako lilikuwa lako peke yako. Leo nyingi ya nyumba hizo zimevunjwa na ghorofa zimesimama. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inamwezesha mtu kuwa na hati ya fleti moja ndani ya jengo, lakini inatambua pia sehemu za pamoja ambazo si za mmoja. Kwa hiyo anayeuza vyumba viwili anauza pamoja navyo fungu lake katika ngazi na njia, vitu ambavyo hawezi kuvikata akaondoka navyo.

Hapa ndipo fikihi ina la kutufunza. Ipo haki iitwayo shufaa. Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa katika mali ya shirika isiyogawanywa, mshirika ana haki ya kununua fungu la mwenzake kabla ya mtu wa nje. Mipaka ikishawekwa na njia zikatenganishwa, haki hiyo haipo. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku pwani tunaifuata, imesimama hapo: shufaa ni ya mshirika tu. Hanafi wao wameipanua mpaka kwa wanaochangia njia, kisha kwa jirani.

Mimi si mufti, na fatwa nawaachia masheikh. Swali langu ni la uadilifu. Wanavyuoni wametueleza kuwa hekima ya shufaa ni kuondoa madhara, mtu asije akaletewa mshirika asiyemtaka. Sasa madhara hayo yako wapi zaidi, katika shamba la minazi au katika ghorofa? Anayenunua fleti ya chini akaigeuza ghala la bidhaa, au akavunja ukuta apanue duka, anagusa uhai wa wote walio juu yake. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Mwenye hati na asiye na hati walifukiwa pamoja.

Itasemwa kuwa jirani hana fedha, au atataka bei ya kutupa. Shufaa haimpi mtu punguzo. Anayeidai hulipa bei ile ile aliyokubali mnunuzi wa nje. Akishindwa, uza kwa amani. Angalau atajua nani anakuja, na mnunuzi naye ataambiwa ukweli na watu wanaoujua: bomba linalovuja nyuma ya rangi mpya, na michango ya jengo ambayo haijalipwa.

Suala ni zito zaidi kwenye mirathi. Mzee amefariki, ameacha fleti ya vyumba viwili na watoto sita. Haigawanyiki, na kila mmoja ana fungu lake. Mmoja akimwuzia mtu wa nje fungu hilo kimya kimya, hapo amewaletea wenzake mshirika wasiyemtaka. Ndugu zake ni washirika, ingawa wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu shufaa katika mali isiyogawanyika. Ni ndugu wangapi hawasalimiani leo kwa sababu ya muhuri uliogongwa kwa siri?

Tena tuangalie lile neno la tangazo, "karibu na msikiti". Linapandisha bei. Lakini msikiti aliujenga nani, na ni nani wanaouswalia na kuufagia ukabaki na heri? Ni hao hao majirani ambao hawakuambiwa.

Nashauri wenye fleti waandike katika kanuni za umoja wao kwamba anayetaka kuuza awape wenzake taarifa na muda, tuseme mwezi mmoja, kabla ya kutoka nje. Haitamgharimu muuzaji hata senti. Pasipo na kanuni, Muislamu asingoje kulazimishwa. Agonge mlango wa jirani kwanza, kisha ndio ampigie dalali.

Wabillahi tawfiq.