Aliyeonywa na Aliyeonya

Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa Merikit, Mlima Elgon huonekana upande wa kaskazini-mashariki. Sisi wa tambarare hula ndizi zinazoshuka kutoka huko, na msimu wa mvua husikia habari za maporomoko. Ndipo watu husema: "Si waliambiwa wahame? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Je, mtu akionywa akabaki, lawama ni yake peke yake?

Katika milima ya Alps huko Ulaya, theluji mpya hulala juu ya tabaka dhaifu, na uzito wa mtu mmoja anayeteleza waweza kuiangusha yote. Wakati wa baridi hutolewa taarifa za hatari, kwa ngazi 1 hadi 5. Anayezipuuza kwa ajili ya mchezo anajua kwamba angeweza kubaki nyumbani. Elgon kinachoporomoka ni udongo: mvua ikinyesha siku nyingi, maji hujaa ndani ya mteremko mkali, udongo hulegea, ukateremka. Aliye chini yake hakwenda kucheza. Hapo ndipo nyumbani kwake.

Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliifukia Nametsi, wilayani Bududa. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Kituo cha afya nacho kilifukiwa. Tutafakari hilo: mahali penye soko na kituo cha afya pamekwisha kumwambia mkulima kuwa hapa panakalika. Onyo la mdomo lina nguvu gani mbele ya ushahidi wa matofali?

Baadaye baadhi ya manusura walipelekwa Kiryandongo, magharibi ya mbali, na wapo waliorudi mlimani. Tusiharakishe kuwaita wakaidi. Mlima huua siku isiyojulikana, lakini shamba hulisha kila siku, na makaburi ya wazee hayahamishiki.

Mwenzangu atapinga: mtu mzima achague, lakini mtoto hakuchagua kulala chini ya mteremko. Hoja hii ina uzito, nami naikubali: kwa ajili ya mtoto, serikali ina haki ya kusisitiza watu wahame. Ila haki hiyo hununuliwa kwa ardhi. Tangu 2019 familia kadhaa zimepewa makazi Bunambutye, tambarare ya Bulambuli, karibu na mlima wao. Hilo ni jema, lakini halijawatosha wote: Novemba 2024 udongo uliua tena, katika Bulambuli hiyohiyo, huko juu.

Kwa hiyo onyo ni deni la anayelitoa. Mkuu anayesema "hameni" bila kusema "njooni hapa" hajamaliza sentensi yake. Na deni hilo si la mkuu peke yake. Watu wa mlimani wakihama, watashuka tambarare. Sisi tunaouliza kwa nini hawahami, tuko tayari kuwapisha?