Marko Aliyerudi Nyumbani



Kila tarehe 25 Aprili Kanisa letu humkumbuka Marko Mtakatifu, Mwinjilisti. Twamsikia akisifiwa, na mara nyingi twasahau jinsi alivyoanza vibaya. Walipofika Perge ya Pamfilia aliwaacha Paulo na Barnaba, akarudi zake Yerusalemu (Matendo 13:13). Kwa nini? Biblia haisemi. Wengine hudhani aliogopa safari, wengine kwamba alitamani nyumbani kwa mama yake. Sisi hatuoni faida ya kukisia. Tunalojua ni kwamba Paulo hakulisahau jambo hilo. Barnaba alipotaka wamchukue tena, Paulo alikataa, na ugomvi ukawa mkali hata watumishi hao wawili wakaachana (Matendo 15:37-39). Mitume wenyewe! Barnaba akaenda na Marko, jamaa yake, mpaka Kipro.

Baada ya hapo jina la Marko halisikiki tena katika kitabu cha Matendo. Hatuambiwi aliomba nini kule Kipro, wala alilia mara ngapi, wala ni nani aliyemfundisha kuvumilia. Wenye minazi mtatuelewa: mche wa mnazi hukaa miaka kadhaa ukiwa makuti tu, hauna shina la kuonekana, maana hujenga kwanza unene wake chini kabla ya kwenda juu. Mpita njia husema umedumaa. Mwenye shamba haung'oi.

Kisha Paulo, akiwa mfungwa na karibu wote wamemwacha, anamwandikia Timotheo aje na Marko, kwa kuwa anamfaa katika huduma (2 Timotheo 4:11). Ni Marko yule yule, na Paulo ni yule yule aliyemkataa. Basi twaona kwamba waliokua walikuwa wawili.

Twaandika haya kwa kuwa yanatuhusu. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja wa mtaa wetu, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliacha kazi yake katikati ya Kwaresima bila kuaga. Watoto walikaa wakimngoja. Tulikasirika, tukalifuta jina lake katika daftari, wala hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hodi kwake kumwuliza kisa. Tulimwombea, ndiyo, lakini, tuseme kweli, tulimwombea kama watu wanaosoma majina ya marehemu. Tumaini tunalolishika kwa ajili yetu wenyewe kila tunapoungama, tulimnyima yeye.

Tangu Kwaresima ya mwaka huu ameonekana tena. Hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na hutoka kabla ya baraka. Wazee wawili wa kanisa wamekubali kwenda kwake Jumatano, baada ya Sala ya Jioni. Hawaendi na daftari. Mmoja wao ndiye aliyelifuta jina.